Mwongozo wa Kuota kwa Makusudi Ukiwa Foleni ya Malaba

Mwongozo huu ni wa dereva wa masafa marefu, tanboi wake, ajenti anayesubiri mtandao urudi, na yeyote ambaye usiku utamkuta Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, bila kupenda. Unafundisha jambo moja tu: kulala, kuota, na katikati ya ndoto kutambua kwamba hii ni ndoto, kisha kuiendesha unakotaka. Wapo Wamarekani waliolipa nauli hadi visiwa vya Hawaii kwenda kufundishwa haya kambini. Wewe umelipiwa na tajiri wa lori, na chumba cha mafunzo unacho tayari, nyuma ya kiti.

Swali la kila mwanagenzi ni lile la kila anayeingia foleni: itachukua muda gani? Jibu nalo ni lile la getini: inategemea. Wapo wanaofaulu usiku uleule waliposikia kwamba jambo hili lipo. Wengi huchukua wiki kadhaa, wengine miezi. Mwaka 2016 watafiti waliopitia tafiti za miaka 50 walikuta kwamba takriban watu 55 katika kila 100 wamewahi kupata ndoto ya namna hii angalau mara moja, na 23 huipata kila mwezi au zaidi. Kwa hiyo huenda umeshafuzu bila cheti. Anayekuahidi kwamba utaweza kwa siku tatu, muulize anauza nini.

Kwa wenye shaka, ushahidi upo. Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimlaza mtu aitwaye Alan Worsley huku amemfunga nyaya kichwani. Katika usingizi wa ndoto mwili hulegea kabisa, isipokuwa macho na pumzi. Walikuwa wamekubaliana kwamba Worsley akijitambua ndotoni apeleke macho kushoto na kulia kwa mpango. Alijitambua, akayapeleka, na kalamu za mashine zikachora. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Stanford akathibitisha vivyo hivyo, na mwaka 1980 akachapisha ripoti juu yake mwenyewe kuonyesha kwamba huu ni ujuzi wa kujifunza, si karama. Watawa wa Tibet walikuwa wakiufanyia mazoezi karne nyingi kabla, ila hawakuwa na mashine. Nami kinachonishangaza ni kwamba mtu aliyelala fofofo aliweza kupeleka ujumbe kwa mtu aliye macho. Hapa Malaba mtu aliye macho husimama mbele ya dirisha asubuhi nzima na ujumbe haufiki upande wa pili wa kioo.

Tuanze kazi. Kwanza tafuta daftari. Ukikosa, nyuma ya delivari ya safari iliyopita panatosha. Ukiamka usijinyooshe, usishike simu, usimwite mama wa chai. Tulia ulivyo, uivute ndoto kwa mkia wake, uiandike, hata kama ni neno moja. Mtu asiyekumbuka ndoto zake anaweza kujitambua ndotoni kila usiku na asubuhi asijue. Baada ya wiki mbili hivi utaanza kuona mambo yanayojirudia, na hayo ndiyo alama zako. Za madereva hazina mafumbo: lori linarudi nyuma lenyewe na breki haishiki, sili ya kontena imekatwa na hujui ilikatwa wapi, tajiri anapiga simu na kitufe cha kupokea hakionekani. Siku utakapoona sili imekatwa, jiulize kwanza kama umelala. Ukikuta uko macho, pole sana, huo ni mwongozo mwingine.

Hatua ya pili ni kujipima mara kadhaa mchana, ili mazoea yakufuate hadi usingizini. Vitabu vina vipimo vingi vizuri. Taabu ni kwamba waandishi wake hawajawahi kulala mpakani.

Wanasema soma maandishi, geuza macho, usome tena. Ndotoni maneno na tarakimu hubadilika. Dereva wetu alitajiwa gharama saa nne asubuhi, akaitazama tena saa nane mchana, na imebadilika. Yuko macho kabisa. Wanasema bonyeza swichi, kwa sababu ndotoni taa mara nyingi hukataa kuwaka. Haya, bonyeza. Wanasema chunguza kama uko mahali pasipowezekana, na simu iliyolala kifuani upande wa Kenya inalia kidogo, inakukaribisha Uganda na kukutajia bei ya kupiga nyumbani. Hujasogea hata hatua. Wanasema jihadhari na utajiri wa ghafla. Hapa mtu huingia kwa wabadilishaji pesa na shilingi elfu arobaini za Kenya, akatoka na zaidi ya milioni, mfuko umevimba, na bado akanunua chapati ya rolex ya mayai mawili kama jana.

Kwa hiyo mpakani nakushauri vipimo viwili tu. Cha kwanza, bana pua, funga mdomo, ujaribu kuvuta pumzi. Ndotoni hewa hupita. Ukiwa macho haipiti, hata kwa mwenye stakabadhi zote. (Fanya ukiwa peke yako. Ukifanya mbele ya afisa wa afya utaandikiwa mambo mengine.) Cha pili, jiulize umefikaje hapa. Ndoto hukutua katikati ya mambo bila safari, lakini dereva aliyetoka Mombasa ana kilomita 900 na ushee za kujitetea: mzani wa Mariakani, chai ya Mtito Andei, Mlolongo, mteremko wa Salgaa, baridi ya Burnt Forest, Webuye, Bungoma, halafu mkia wa foleni. Ukiweza kuvitaja kwa mpangilio, uko macho. Ukikuta umefika Malaba moja kwa moja na geti liko wazi, hakuna gari mbele yako na afisa anakuita "mkubwa", usipoteze muda kubana pua. Unaota.

Hatua ya tatu ndiyo iliyoifanya Malaba iwe chuo. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na kipindi cha ndoto katika kila mzunguko hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Kwa hiyo wataalamu hushauri ulale, uamke baada ya saa tano hivi, ukae macho kidogo, kisha urudi kulala huku ukijiambia: nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota. Huko kwao wanahitaji saa ya kengele na moyo wa chuma. Wewe umelala saa nne usiku; ikifika saa tisa, mtu anapiga mlango wa kebini kwa kiganja: "Dere, songa! Unalalia foleni!" Unawasha injini, unasogea urefu wa trela mbili, unavuta breki ya mkono, upepo unatoka kwa mlio, unazima, unarudi nyuma ya kiti. Mbinu imekamilika. Kilichobaki ni ile sentensi, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kutamka badala yake sentensi nyingine kuhusu mama wa aliyepiga mlango.

Mwaka 2017 Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, alitangaza matokeo ya watu waliochanganya mbinu hizi kwa wiki moja: ufanisi ulikuwa asilimia 17. Kwa waliopitiwa na usingizi ndani ya dakika tano baada ya kujisemea ile sentensi, ukapanda hadi karibu asilimia 46. Dakika tano! Dereva aliyetoka Salgaa bila kulala hahitaji hata mbili. Kama Aspy angepita hapa Aprili au Mei 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona kwa siku kadhaa, au Januari 2022, Uganda ilipodai kipimo cha dola 30 kwa kila anayeingia na madereva wakagoma, angepata wanafunzi waliojipanga wenyewe kwa makumi ya kilomita. Mwanagenzi wa leo hana bahati hiyo. Kwa kuwa kituo ni cha pamoja, ambapo unakaguliwa upande unaoingia tu, kuna siku mtu huvuka kabla hata hajasinzia.

Vifaa je? LaBerge alibuni barakoa ya usingizi iliyomulika taa nyekundu juu ya kope mtu anapoota, ili mwanga uingie ndotoni umkumbushe. Iliuzwa ghali. Wewe lala bila kufunga pazia la kebini, taa za breki za trela la mbele zitafanya kazi hiyo. Treni ya mizigo nayo, ikipita na honi yake kuelekea Tororo, ni kengele isiyo na malipo. Shida ni kuzoea. Mkazi wa Malaba haisikii tena, akiwa macho wala akiwa amelala.

Kuhusu chakula nitasema kidogo. Pombe ya ajon ni tamu, na kukaa na wazee wa Kiteso kuzunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu, ni heshima isiyokataliwa. Lakini pombe hukandamiza usingizi wa ndoto sehemu ya kwanza ya usiku, halafu ndoto huja kwa fujo alfajiri, wakati wewe huna hali ya kujitambua hata ukiwa macho. Anayetafuna miraa hana ndoto, ana mawazo.

Siku ikifika, usishangilie. Mwanagenzi akigundua anaota hufurahi, na furaha humwamsha. Ndoto nyingi za kwanza hudumu sekunde chache. Sugua viganja ndotoni, gusa usukani, tazama kitu kimoja kisha kingine, ndoto itatulia. Baada ya hapo fanya upendalo. Wengi huruka. Utapaa juu ya malori yote, uuvuke Mto Malaba, uuone Mwamba wa Tororo kwa chini, ushuke Kampala kabla ya chai. Nakuonya tu kwamba utakuwa umeingia bila stampu, na dereva mzoefu hata ndotoni atageuza arudi kugonga.

Kuna usiku akili itaamka kabla ya mwili, kifua kizito, na mtu amesimama mlangoni. Hilo ni jinamizi, huondoka lenyewe baada ya muda mfupi. Kama mtu huyo anasema "songa", si jinamizi.

Kuhusu muda, hesabu yangu ni hii. Mwezi mmoja wa daftari, vipimo na kuamka saa tisa usiku unatosha kwa wengi kuonja mara moja. Ikipita miezi mitatu bila kitu, acha, ulale kama watu. Mwenye maradhi ya akili yanayomfanya asitofautishe ya kweli na yasiyo ya kweli asijaribu kabisa. Na mbinu hii hukata usingizi vipande, kwa hiyo ni ya siku ambazo lori limesimama, si za kuamkia safari. Ukianza kujiuliza kama unaota huku usukani uko mikononi, usibane pua. Egesha kando, zima injini, ulale.