Kwenye Gari Langu Hapakatwi Mtu

Ukweni kwangu siku hizi naitwa Mzungu. Si kwa rangi, maana jua la Tabata limeshanimaliza, wala si kwa Kiingereza, ambacho nikikizungumza hata mwalimu aliyenifundisha anajuta. Naitwa Mzungu kwa sababu ya kiti. Kiti cha plastiki, sponji na mikanda mitano, kilichofungwa siti ya nyuma ya IST yangu, na binti yangu asipokaa humo gari halitoki getini. Hata tukienda dukani tu. Hata mvua ikinyesha. Hata bibi yake akiwa amekaa pembeni na hana alichokipakata.

Kesi ilishafika kikao cha ukoo. "Mtoto mdogo hivi umemtia mahabusu," alifungua mama mkwe, "na sisi watu wazima tumekaa tunamtazama? Mikono hii imelea saba, mwanangu." Sasa, mama mkwe hajibiwi. Anayeoa Tanga analijua hilo hata kabla ya mahari: ukitaka kumpinga mama mkwe unaitikia "ndiyo mama," kisha unakwenda kufanya unavyotaka ukiwa umeinamisha kichwa. Nikaitikia, nikainamisha kichwa, nikambana binti mkanda.

Shemeji yangu ndiye aliyeleta hoja ambayo naamini kila ukoo wa Kiswahili unayo, imehifadhiwa mahali kwa kazi hii. "Shemeji, sisi tumekulia nyuma ya pikapu, juu ya machungwa ya Muheza, na tupo!" Ni kweli mpo. Anayesema "tupo" lazima awepo. Wasiokuwepo hawakuja kikaoni kutoa maoni, na hilo ndilo tatizo la vikao vya aina hii. Nikawaambia Shirika la Afya Duniani, lile la Geneva, linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani kote, kuliko ugonjwa wowote. Kimya kidogo. Kisha mama mdogo akauliza, "Hao wa Geneva wenyewe wana watoto?"

Nikaona takwimu haziendi, nijaribu hesabu. Ukitoka Dar kwenda Tanga kwa njia ya Msata, vijiji vina vibao vya 50: Mkata, Kabuku, Michungwani. Hakuna namba inayoheshimiwa nchi hii kuliko hiyo. Madereva wasiojuana wanawashiana taa kuambizana kuna tochi mbele. Mtu aliyekuwa 120 anashuka ghafla, anatembea hamsini kwa adabu zote, uso wa Ijumaa, mpaka ampite askari. Faini ya elfu thelathini inauma. Matokeo yake watu wameamini kwamba hamsini ndiyo usalama wenyewe, na kwamba ukigonga ukiwa hamsini utakuwa umegusa tu.

Hamsini ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Anayegonga kitu kigumu kwa mwendo huo anapata kishindo kile kile cha anayeanguka kutoka mita 10 juu. Mama mkwe amekulia Pangani, kwenye minazi, kwa hiyo hesabu yangu nikaipandisha mnazini. "Mama, ungekubali mkwezi apande mnazi amempakata mjukuu wako?" Astaghafirullah! Basi, mama, kwenye gari nako tuko juu ya mnazi, tofauti ni kwamba mnazi huu una redio.

Alinyamaza. Nikaanza kujipongeza moyoni. "Lakini mimi," akasema baada ya kutafakari, "si nitamshika kwa nguvu?"

Gari likigonga kwa mwendo huo, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kwa nguvu ya kilo 200 na ushee, kwa muda usiotosha hata kusema "Mungu wangu." Mama mkwe namheshimu, ila ndoo ya lita 20 siku hizi anaita mtu wa kumtwika. Na hapo yeye mwenyewe hapendi mkanda, unamkunjia kanga. Maana yake ni kwamba mjukuu akirushwa mbele, bibi mzima anamfuata kwa nyuma kwa mwendo ule ule, na mtoto yuko katikati ya bibi na siti ya dereva. Hili sikumwambia. Kuna fizikia ambayo mkwe haruhusiwi kuitamka.

Wala msidhani ni tabia ya Tanga peke yake. Jimbo la Tennessee kule Marekani ndilo lililotangulia wenzake kuwalazimisha wazazi kuwaweka watoto kwenye viti vyao garini. Sheria ilianza kazi Januari 1978, baada ya daktari wa watoto aitwaye Robert Sanders kuwaganda wabunge mpaka wakachoka naye. Wakaipitisha, lakini wakachomeka kifungu kidogo: mtoto akiwa amepakatwa, ruksa. Yaani mama mkwe wangu alikuwa na wabunge wake Tennessee! Sanders akaendelea kuwaganda, na mwaka 1981 kifungu kikafutwa. Miaka mitatu ilimchukua, tena kwa wabunge, si kwa mama mkwe.

Halafu kukawa na kesi ya mgongo. Binti alipokuwa mchanga kiti kilitazama nyuma, na kila aliyechungulia dirishani aliona mtoto amegeuziwa ukuta. "Amekosa nini?" Nilieleza mpaka koo likakauka. Kichwa cha mtoto mchanga ni robo nzima ya urefu wake, na shingo iliyokibeba bado laini. Gari likigonga kwa mbele, aliyetazama mbele kichwa kinachomoka kwenda huko na shingo ndiyo inayolipa. Aliyetazama nyuma, mgongo wa kiti unapokea kishindo chote. Aliyeligundua hili ni Mswidi mmoja, Bertil Aldman, miaka ya 1960, baada ya kuwatazama wanaanga wa chombo cha Gemini wanavyolala chali ili mgongo ubebe msukumo wa roketi. Waswidi mpaka leo wanawageuza watoto hivyo hadi karibu miaka minne. Nilipomwambia jirani kwamba binti yangu amekaa mkao wa wanaanga, alilitazama gari, akaitazama barabara yetu na madimbwi yake, akauliza: "Na hapa Tabata anarushwa kwenda wapi?"

Huyo huyo ndiye aliyenishauri nikihamishie kiti siti ya mbele ili mtoto amwone baba yake. Siti ya mbele ina eabegi. Eabegi inafumuka kwa kasi ya kumpokea mtu mzima anayekuja. Ikikuta mgongo wa kiti cha mtoto mchanga, inampiga. Nilimshukuru kwa ushauri.

Kukipata kiti chenyewe nako ni vita. Kariakoo nilitolewa kimoja cha pinki, kirembo, kina hadi pa kuwekea chupa ya maziwa. Nikakigeuza kutafuta ile lebo ya rangi ya chungwa yenye R44 au R129, ya kuonyesha kimepimwa kwa kugongeshwa. Hakuna. "Niliibandua, bosi, ilikuwa inaharibu muonekano." Nikahamia kwa wa mtumba. Huyu lebo alikuwa nayo, ila tarehe iliyochapwa kwenye plastiki ilionyesha kwamba kiti kina umri wa kumaliza darasa la saba. Viti hivi vina mwisho wake, plastiki inachoka, na kilichowahi kuwa kwenye ajali hakifai tena hata kama huoni ufa. Nikamuuliza kama kimewahi kupata ajali. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Kiti kinapataje ajali, bosi? Kwani kinaendesha?"

Nikanunua kipya, kwenye duka lenye kiyoyozi, na mke wangu akaniomba nisimtajie mtu bei.

Kukifunga ni kazi ya goti. Unakikandamiza kwa goti mpaka kizame kwenye siti, unavuta mkanda kwa mikono miwili huku jasho linakutiririka machoni, kisha unakitikisa pale mkanda unapopita. Kikicheza zaidi ya sentimita 2 na nusu, shuka, anza upya. Mikanda ya mtoto unajaribu kuifinya begani kwa vidole viwili. Ikifinyika, bado imelegea. Maelezo yote haya yamo kwenye kitabu chake, yamechorwa vizuri kabisa na watu ambao hawajawahi kuegesha gari Posta saa saba mchana. Kile chuma cha kufungia kikishaota jua kinaweza kukaangia yai, kwa hiyo kiti changu nakivisha kanga kila nikiegesha, na wapita njia wanachungulia kuona nimemficha nani. Kitabu kimenyamaza pia kuhusu ubuyu. Rangi ya ubuyu ikishaingia kwenye sponji ya kijivu haitoki, na mtu asiyejua akikiona kiti changu anaweza kudhani ajali ilishatokea.

Gari lenyewe lilikuwa limelelewa vizuri. Limetoka Japani, ambako tangu Aprili 2000 sheria inataka mtoto wa chini ya miaka 6 awe kwenye kiti chake. Mpaka leo nikiliwasha kuna mama anayenisemesha Kijapani kwa upole, na ingawa simwelewi napenda kuamini anauliza kama mtoto amefungwa. Lilipofika Dar mwenyewe wa kwanza akalishonea kava za ngozi, na fundi akavifukia humo ndani vile vichomekeo vya mikanda ya nyuma. Nilizipasua kwa wembe huku fundi wangu wa sasa akiugua. "Kava mpya hii, mzee! Huko nyuma nani anafunga mkanda?" Teksi za kuita kwa simu ndiyo usiseme. Mkanda wa nyuma upo, umezikwa chini ya siti usichafuke.

Na kabla sijapigiwa kelele: mimi sina ugomvi na mama wa daladala. Nimepanda daladala maisha yangu yote. Najua mwanamke anavyoning'inia mlangoni Mwenge na mtoto mgongoni, na mama asiyemjua, aliyepata siti, anavyonyoosha mikono bila kuulizwa: "Mlete nimpakate." Mtoto anakabidhiwa, analala kifuani kwa mtu ambaye hata jina halijui, mpaka Ubungo. Ule ni utu, na sitaki kusikia mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi akiwasomea watu wale R129. Anayempakia mtoto bodaboda kwa sababu kituo cha afya kiko mbali na ni usiku, naye simgusi.

Ninaoongea nao ni nyinyi wenzangu wenye magari. Wewe uliyefunga muziki wa laki sita unaotingisha mabati ya majirani, ukaweka rimu, ukaweka tinti, ukabandika na stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo, halafu mtoto amesimama katikati ya siti za mbele ameshika redio. Nikikuuliza kiti kiko wapi unaniambia maisha magumu. Maisha hayakuwa magumu siku ya spika!

Mama mkwe, kwa taarifa yenu, ameshasilimu. Si kwa mnazi wala kwa Tennessee. Mwezi uliopita tulikwenda naye harusini Muheza, amevaa gauni la kushonesha, na njia nzima binti amelala kwenye kiti chake mdomo wazi. Tulipofika, bibi akashuka, akajikagua mbele na nyuma. Halijakunjwa, halijamwagiwa juisi, halijakojolewa. Jioni nilimsikia jikoni akiwahutubia wenzake: "Mkwe wangu kanunua kiti, jamani, mtu unasafiri na nguo yako." Miezi yote ile nilikuwa nasoma fizikia bure.

Na asubuhi ya sherehe yenyewe shemeji akanijia, mnyenyekevu, anachezea funguo. "Shemeji, kile kiti chako hukitumii leo, si ndiyo? Niazime nikaende nacho Tanga mjini, narudi mchana." Moyo wangu ulilainika. Mtu wa pikapu na machungwa! Nilikwenda mwenyewe kukifunga kwenye gari lake, kwa goti, nikamwonyesha kukitikisa, nikamfundisha kufinya mkanda begani, naye anaitikia kila neno kwa makini ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu wa ukoo ule.

Saa nane gari likaingia uwanjani. Keki ya harusi, ya ghorofa tatu, imekaa kwenye kiti cha binti yangu, imefungwa mikanda yote mitano, imebanwa sawasawa, haijatikisika hata ua moja la sukari. Wanawe wawili wamesimama katikati ya siti za mbele, wanaichunga isianguke.

"Wala usihofu, shemeji," akaniambia akishuka. "Sikuzidi hamsini."