Wati Kumi Zangu Ziko Wapi?

Kikoneni nzima inajua kwa nini redio yangu haina nguvu, isipokuwa mimi mwenyewe. Mgema anayenipandia minazi kunifungia antena anasema waya nimeuelekeza vibaya, maana mambo ya maana hayajawahi kutoka upande ule. Kijana wa bodaboda anasema nibadilishe plagi. Mzee jirani yangu, ambaye tochi yake mwenyewe huwaka kwa kupigwa kofi, ana hakika kwamba ni mlima.

"Pale Mrima, mwalimu, pana madini. Yanafyonza."

Na kwa kuwa ni kweli kwamba Mrima una niobiamu na madini adimu ambayo serikali na wawekezaji wamekuwa wakiyapigia hesabu miaka nenda miaka rudi, si rahisi kumbishia mtu. Huku kwetu kila kipoteacho kimepotelea Mrima. Nilijaribu kumweleza kwamba mawimbi ya megahezi 7 hayaendi kugonga kilima. Yanapanda juu, kilomita mia mbili na zaidi, yanakutana na tabaka la hewa lenye chaji, yanarudishwa chini hadi Nairobi au Dodoma. Akanisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema, "Basi yanafyonzwa yakiwa yanarudi."

Niseme redio yenyewe ni ipi, kwa sababu wengi wakisikia redio hudhani nataka salamu za usiku. Hii ni redio ya ridhaa, ya kusikia na kusema, ya watu wenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na majina ya hewani yanayoanza na 5Z4. Inakuja vipande vipande kwenye bahasha: bodi tupu, mifuko ya resista, kapasita zenye maandishi ya kusomwa na mwenye macho ya miaka kumi na minane, na karatasi isemayo kwamba ukimaliza kulehemu utapata wati 10. Ilipofika ilikatwa ushuru uliokaribia bei yake, kwa sababu aliyeifungua aliona neno "redio" na akakisia ni ya gari.

Waliotuponza watu wa aina yangu nawajua. Mmoja ni Mhindi wa Hyderabad, Ashhar Farhan, aliyetoa mchoro wa redio aliyoiita BITX, bure kabisa, akionyesha kwamba hata koili unaweza kuzisokota juu ya washa za mfereji za dukani. Tangu hapo mtu mzima yeyote mwenye pasi ya kulehemu anajiona mhandisi. Transista ya mwisho katika redio nyingi za ukoo huo, na yangu ikiwemo, ni IRF510, ambayo watengenezaji wake hawakuikusudia redio hata siku moja. Waliiunda kwa ajili ya kuwasha na kuzima mota na mitambo ya umeme. Sisi tunaipenda kwa sababu ni rahisi, na ikiungua hakuna matanga.

Sasa, mimi nililipia wati kumi. Nataka wati kumi. Sioni ugumu uko wapi.

Kupima wati si kazi ya kunyoosha kidole hewani. Unachukua resista ishirini za omu elfu moja, unaziunganisha bega kwa bega, zinakuwa omu 50, unazitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya kupikia, lenye mafuta yake, zisiungue. Hilo ndilo linakuwa antena ya uongo: nguvu yote inaishia mle, hakuna anayekusikia. Unaweka dayodi na kapasita, unasoma volti kwa testa, unazidisha volti kwa zenyewe, unagawa kwa mia. Lakini redio ya sauti haitoi kitu usipotoa sauti, kwa hiyo lazima upige mluzi mrefu mbele ya maikrofoni, jicho kwenye testa. Hivyo ndivyo alivyonikuta shemeji yangu aliyekuja kusalimu: mwalimu mstaafu, shati limefunguliwa vifungo, anapigia mluzi kopo la mafuta.

"Unazungumza na nani?"

"Na resista."

Hajarudi tena.

Testa ikasema volti 14. Kumi na nne mara kumi na nne ni mia moja tisini na sita, gawa kwa mia: wati mbili kasoro. Mbili! Balbu ya chooni inanizidi.

Fundi wa redio wa sokoni alikuja, akaitazama bodi kama daktari, akatoa bisibisi na kutaka kuizungusha ile skrubu ndogo nyeupe inayopanga mkondo wa IRF510. Nilimshika mkono. Skrubu ile ukiizungusha kidogo kuliko inavyofaa, sauti inakuwa ya mtu anayezama. Ukiizidisha, transista inachemka, inatoa harufu, na unabaki na kipande cheusi chenye miguu mitatu. Ilikuwa imekaa sawasawa pale ilipo. Fundi aliondoka amenuna, na ada ya kufika akaidai.

Ukweli ni kwamba wati hupotea kama pesa za barabara. Zikitoka juu ni nyingi na zimeandikwa vizuri. Kila ofisi zinapopita zinakatwa kidogo, hakuna aliyekata nyingi, kila mmoja ana stakabadhi, na mwisho wa yote kijiji kinapokea lori moja la kifusi na ubao wa mradi. Kwa hiyo niliacha kumtafuta mwizi mmoja, nikaanza kufuata njia tangu mwanzo, ofisi kwa ofisi.

Ofisi ya kwanza ni betri. Redio inataka volti 13.8. Betri ya sola yetu ina kazi zake: taa, televisheni, na simu za nusu ya mtaa zinazoletwa kuchajiwa na watu wanaosema "naiacha dakika moja tu" na kurudi magharibi. Nikibonyeza kitufe cha kusema, redio inavuta ampia mbili, na betri inainama hadi kumi na mbili. Kwenye saketi ya namna hii nguvu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo upungufu unaoonekana mdogo unakula wati mbili na ushei papo hapo. Nikaiomba nyumba betri ya peke yangu. Mama watoto akaniuliza mtu mwenye heshima zake anataka kuongea na nani usiku kwa mluzi. Nikamwambia hata Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa mtu wa redio hizi, na jina lake hewani lilikuwa JY1.

"Mfalme," akasema, "hakuwa anatumia betri ya televisheni yetu."

Ofisi ya pili ndiyo iliyonichefua. Waya wa kutoka betri hadi mezani niliununua kwenye duka moja la vifaa, na mwenye duka alinihakikishia kwa kiapo kwamba ni shaba tupu. Nikaukwangua kwa kisu. Juu mwekundu, ndani mweupe! Ni alumini iliyopakwa shaba nyembamba, na nyuzi zake chache hata kufungia mbuzi hazitoshi. Kwenda na kurudi ni mita kumi na sita, unakaribia omu nzima, na ampia mbili zikipita hapo volti karibu mbili zinageuka joto la kuwapashia mijusi darini. Nilimrudishia. Akautazama, akaupinda, akanusa, akaniambia, "Mwalimu, kwani ulikuwa unataka shaba ya ndani pia?"

Na ofisi ya tatu ilikuwa kwenye bodi yenyewe. Kuna transfoma ndogo, pete nyeusi isiyozidi ukucha, iliyokuja imeshasokotwa kutoka kiwandani. Waya wake umepakwa vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Lazima ikwanguliwe ncha zote kabla ya lehemu. Kwa kioo cha kukuzia niliziona ncha tatu zinang'aa, ya nne ina rangi ya chai ya rangi. Kiwandani mtu alichoka kwenye ncha ya nne. Lehemu ilikuwa imeikumbatia vizuri sana, imeiviringa, inapendeza, na chini yake vanishi iko palepale. Umeme ulikuwa unapita kwa kubembeleza, ukitoa leo kidogo na kesho kidogo. Niliichomoa, nikaikwangua kwa wembe hadi ikawa nyekundu, nikairudisha. Moshi wake mdogo wa msonobari ndio harufu bora niliyoinusa mwezi ule.

Katikati ya matengenezo hayo, mwenzangu mmoja wa Nairobi, mtu wa redio tangu ujana, akaniambia kwa simu jambo ambalo sikulihitaji. "Unahangaikia nini? Nguvu ikipungua mara nne, sindano ya anayekusikiliza inashuka alama moja tu. Toka kumi hadi mbili ni alama moja na kidogo. Hakuna atakayejua." Kisha akanikumbusha 5Z4B, mtambo wa humu humu Kenya, mmoja kati ya 18 iliyotawanywa duniani kwa ajili ya kupima hali ya hewani. Kila dakika tatu unataja jina lake kwa Morse, halafu unapiga mistari minne: wa wati 100, wa 10, wa 1, na wa mwisho wa sehemu moja ya kumi ya wati. Watu wako Ulaya wanasikiliza ni mstari gani unaowafikia, na siku njema hata ule mdogo unafika.

Nilimshukuru. Lakini alama ile moja ni yangu, nimeilipia na ushuru juu.

Basi nikanunua waya mnene, wa shaba hadi ndani (niliukwangua mbele ya muuzaji kabla ya kutoa hela). Betri nikapata ya kwangu, kwa masharti ambayo si ya kuandikwa gazetini. Kopo, mafuta, mluzi. Testa ikapanda hadi volti 30 na kutulia. Mia tisa kwa mia, wati tisa. Sikuidai ile ya kumi.

Jioni nikamwita bwana mmoja wa Tanga, ambaye nilikuwa nimewahi kumpata kwa zile wati mbili za aibu. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, ananisikiaje leo. Akasema, "Vizuri tu. Kama juzi."

Aliyesikia tofauti ni kinyozi. Banda lake liko hatua chache kutoka mnazi wenye antena, na ana spika mbili kubwa zenye waya ndefu zilizozungushwa ukutani. Kwa wati mbili hazikuwa na habari nami. Kwa wati tisa, mara tu nilipofungua mdomo, muziki ulikatika na sauti yangu ikatoka mle imesagika, ya bata aliyekabwa, ikiita Tanga. Mteja aliruka na mashine iko kisogoni. Nilipofika nilikuta njia moja nyeupe imepasua kichwa chake kutoka sikio hadi utosini.

Nikamweleza kinyozi kwa utulivu kwamba redio yangu haina kosa, ni waya za spika zake zinazokamata kila kipitacho, na dawa ni pete za feraiti za kuzungushia waya. Akauliza zinapatikana wapi. Nikasema Nairobi. Akauliza nani atazifuata. Mteja naye aligoma kulipa zaidi ya nusu, akisema amenyolewa nusu, na ile hamsini iliyobaki kinyozi ameiandika kwenye daftari lake la madeni, kwa wino mwekundu, chini ya jina langu.