Laini Isiyo na Kidole

Mgeni wa Usangi hununua eSIM, laini isiyoshikika, akiwa kwenye kochi lake Berlin: kadi ya benki, msimbo wa kuskani, kwisha. Bibi wa Kighare, aliyezaliwa hapa hapa Usangi, tangu 2019 ili kusajili laini anadaiwa namba ya NIDA na alama za vidole, vidole vilivyosuguliwa na mpini wa jembe hata mashine haivitambui. "Bonyeza tena, bibi. Taratibu." Hatari kwa usalama, bila shaka, ni bibi. Mgeni anafika na data tele, ila laini nyingi za namna hiyo hazina namba ya simu, seuze M-Pesa. Gulioni anataka mkungu wa ndizi. Muuzaji anamwonesha kibao: "Lipa Namba hii hapa, kaka."