Mwongozo kwa Mtu wa Kaniha, Biharamulo, Anayetaka Kununua Farasi wa Mbio

Shemeji yangu aliyeko Nairobi alinipigia simu usiku, sauti ya mtu aliyegundua dhahabu. Ameona farasi anauzwa, mstaafu wa mbio, bei chini ya fahali wa Ankole. Je, mtu wa kawaida, asiye sheikh wa Dubai wala mjukuu wa malkia, anaweza kumwingiza farasi wake mwenyewe mashindanoni? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo hili, na nakusihi ulisome lote kabla hujauza ng'ombe.

Kwanza, farasi awe hai. Sharti hili watu hulipita mbio mbio. Huku kwetu Biharamulo tumepakana na hifadhi ya Burigi, na mbung'o hamuulizi mgeni katokea wapi. Akimuuma farasi humwachia nagana: homa inapanda na kushuka, macho yanachuruzika, mbavu zinaanza kuhesabika huku mnyama bado anakula. Akiponea hapo, kuna visubi, vile vidudu vya jioni usivyoviona mpaka vimekung'ata. Hivyo hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na farasi aliyemaliza majani yake vizuri jana unaweza kumkuta kesho amelala ubavu, povu limemtoka puani. Punda na pundamilia wakiambukizwa mara nyingi hata hawaugui, jambo ambalo mwenye farasi huliona kama dharau. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa kabla safari haijakolea. Na Stanley alikuwa na fedha za gazeti la New York. Wewe una za magunia matatu ya maharage.

Tuseme Mungu kajalia, farasi anapumua. Usimtafutie mashindano huku kwetu Lusahunga. Utampeleka Nairobi, uwanja wa barabara ya Ngong uliofunguliwa 1954, ulio chini ya Jockey Club ya Kenya. Hapo utagundua kwamba anayehojiwa si wewe. Anahojiwa farasi: baba yako nani, mama yako nani, na babu mzaa mama?

Msubi au Mhangaza hawezi kushangaa. Kwetu nako hakuna harusi kabla wazee hawajaulizana ukoo. Ila hawa wenzetu wamezidi. Farasi wa mbio za hapo lazima awe ameandikwa katika daftari la ukoo, na daftari la Uingereza, mama wa madaftari yote, lilianza kuchapwa 1791. Ukifuata uzao wa kiume unaishia kwa madume watatu tu walioletwa Uingereza kutoka nchi za mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Ndama wako wa kisasa alipatikana kwa mrija wa bwana mifugo na hakuna aliyelalamika. Farasi wa mbio akipatikana kwa mrija, haandikwi. Ni lazima dume na jike wakutane ana kwa ana. Kwa hiyo mwambie shemeji aombe karatasi kwanza, halafu ndiyo aangalie meno. Farasi asiye na karatasi, hata kama anaipita bodaboda mlimani, ni wa kupandwa na watoto sikukuu.

Jina nalo lina mipaka: herufi 18, nafasi zikihesabiwa. Nimekaa na kalamu. "Haraka Haraka Haina Baraka" halienei, na hata lingeenea lisingefaa kwa kazi yenyewe. "Subira Yavuta Heri" linatimia 18 kamili, lakini sijui ni nani atakayemwekea pesa farasi anayeitwa Subira.

Sasa tuje kwenye lile neno "mwenyewe", ndiko wengi wanakoumia. Farasi hukaa kwa mkufunzi mwenye leseni. Mkufunzi ndiye anayejua akimbie lini na umbali gani, na mpanda farasi naye ana leseni yake, hupimwa uzito pamoja na tandiko kabla ya mbio, na washindi hupimwa tena wakirudi. Madereva wa malori wanaoijua mizani ya Nyakahura watamhurumia. Kazi yako wewe mwenye mali ni kusajili rangi za shati atakalovaa, kulipa kila mwezi, na kusimama penye uzio umevaa vizuri. Wengi hupunguza machungu kwa kuchanga kama VICOBA, watu kumi farasi mmoja. Kila mmoja husema "farasi wangu" siku ya ushindi. Bili ya daktari ikija, anakuwa farasi wa kikundi.

Yupo lakini aliyeweza, na ni mfugaji kama sisi. Sirrell Griffiths wa Wales alikuwa na ng'ombe wa maziwa na farasi watatu tu. Uingereza hutoa kibali kwa mtu kufundisha farasi wake mwenyewe kwa mbio za kuruka viunzi, naye alikuwa nacho. Siku moja ya Machi 1990 aliamka akakamua ng'ombe wake kama kawaida, kisha akampakia Norton's Coin kwenye gari mpaka Cheltenham, akashinda Gold Cup, moja ya mbio kubwa kabisa za aina hiyo. Aliyemwekea pauni moja alivuna mia. Kisa hiki usimsimulie shemeji. Atakisikia upande wa ushindi tu, upande wa kukamua utampita.

Ukinishika shati useme lazima, mnyama awe wangu, na mkufunzi niwe mimi, basi nitakuelekeza Lamu. Kule punda ndiye gari la mji. Hubeba mchanga, mawe ya nyumba na maji katika vichochoro visivyopitisha hata mkokoteni. Wakati wa Maulidi na wa tamasha la utamaduni la Novemba, hao hao waliokuwa wamebeba mawe jana hupangwa kwenye mstari pale pwani, bila tandiko, vijana juu, na wanatimka. Hakuna daftari la ukoo na hakuna anayehesabu herufi za jina. Ila ujue mapema: punda akishinda, anayeshangiliwa mji mzima ni kijana aliyempanda. Mwenye punda humrudisha bandani akampe majani.