Sifa za Udongo Usiofika Goti

Udongo wa Kericho una chai ya kuusemea. Wa Mwea una mchele, wa Kilimanjaro una kahawa na ndizi. Mimi nimesimama kuusifu udongo wa Dida Galgalu, ile nyika ya mawe meusi kaskazini mwa mlima Marsabit, njia ya kwenda Moyale, ambao hauna wa kuusemea. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa hofu hiyo haipo: maji yenyewe yatatoka wapi?

Nianze na unyenyekevu wake. Katika uainishaji wa kimataifa wa udongo, kundi lake linaitwa leptosoli, na masharti ya kuingia ni mepesi mno. Mwamba mgumu uanze ndani ya sentimita 25 kutoka juu. Au, ukichimba hadi sentimita 75, udongo laini usifike hata sehemu moja ya tano ya ujazo, kwingine kote kuwe mawe. Mtoto wa darasa la nne akichomeka rula yake ya sentimita 30, itagota mwamba kabla haijazama yote. Na msiudhanie ni udongo wa pembezoni usio na ndugu. Leptosoli zimeenea kuliko kundi jingine lolote la udongo duniani, zaidi ya hekta bilioni 1.6. Wenye udongo mwekundu wa kuzamisha jembe hadi mpini wamebahatika tu, wasijifanye ndio kanuni.

Nasaba yake nayo si ya kubezwa. Umezaliwa na zaha, ule uji wa moto uliotapikwa na volkano za Marsabit na Huri, ukasambaa tambarare, ukapoa, ukawa basalti. Mwamba huo umejaa chuma, magnesi na kalsi, vitu ambavyo mkulima wa kwingine huvinunua kwenye mifuko. Kwa hiyo udongo wetu si maskini hata kidogo. Ni tajiri bahili: mali anayo, kufuli ni ukame. Ili jiwe lioze liwe udongo linahitaji maji, na tambarare hii hupata mvua ya kuhesabu. Panda mlimani Marsabit uone mwamba wa ukoo uleule ulipopata ukungu, mvua na muda wa kutosha: kuna msitu, kuna mahindi na maharagwe, kuna udongo mwekundu wa kina. Kuna pia mipaka ya mashamba, kesi za mipaka, na watu kununiana kwa sababu ya mipaka. Huku chini hakuna aliyewahi kumshtaki jirani kwa kusogeza ua wa shamba hatua mbili. Shamba lenyewe liko wapi?

Sasa tafadhali inama, uinue jiwe moja, lile la ukubwa wa ngumi. Angalia kwanza kama kuna nge. Upande wa juu ni mweusi unaong'aa, umepakwa utando mwembamba wa chuma na manganizi ambao jangwa limeutengeneza pole pole kwa karne nyingi. Ligeuze: chini kuna ukoko mweupe wa chokaa. Mvua ndogo iliyeyusha kalsi, ikakauka kabla haijafika mbali, ikaiacha hapo hapo. Mtaalamu wa udongo akidondoshea tone la asidi, ukoko utatoa povu. Na pale jiwe lilipokuwa limelala utaona vumbi laini la rangi hafifu, lenye vitundu vidogo vidogo vya hewa. Vumbi hilo halikutoka kwenye jiwe. Limeletwa na upepo, likanaswa kati ya mawe, likapenya chini yake, na kwa miaka isiyohesabika limekuwa likiyanyanyua mawe kidogo kidogo. Ndiyo maana yako juu daima. Mgeni huona uwanja wa mawe akadhani udongo umepeperushwa wote ukabaki mifupa mitupu. Kumbe sehemu ya udongo ndiyo kwanza imewasili, tena kwa upepo, na sasa imejifunika.

Kifuniko hicho ndicho ninachokionea wivu. Upepo wa huko hauna mchezo, lakini hauwezi kuchota udongo uliolaliwa na mawe. Matone ya mvua hugonga jiwe badala ya kuipiga ardhi, na maji hutiririkia nyufani, ambako mizizi ya mgunga imekwisha kujipanga. Jua likirudi, unyevu uliojificha chini ya jiwe hukawia kukauka. Mbegu ya nyasi za msimu hupata hapo kivuli ambacho haikukilipia, na baada ya mvua moja nzuri nyika nzima huota manyoya ya kijani, mbuzi wa Wagabra wakala wakashiba, kisha kila kitu kikarudi kuwa cheusi. Viwanja vingi vya mpira mjini hutiwa mbolea na kumwagiliwa kila jioni, na bado ni upara mtupu.

Najua malalamiko. Chimba choo cha shimo huko uone. Fundi huanza na jembe, akaliweka kando akachukua sururu, akaiacha akaitisha mtaimbo, na adhuhuri shimo bado halitoshi kuficha kuku. Nguzo ya ua hukataa kusimama. Kaburi nalo hukataa kuchimbika. Si ajabu kaskazini kote yametapakaa makaburi ya kale yaliyorundikiwa mawe. Na malori! Kabla ya lami ya Isiolo hadi Moyale kukamilika katika miaka ya 2010, mawe haya yalikuwa yakila matairi na kuvunja springi, dereva na utingo wakalala chini ya lori wakisubiri wasamaria. Ngamia mwenyewe, mwenye nyayo laini, hapendi kukanyaga hapa. Hufuata njia nyembamba zilizokwisha kusafishwa na waliotangulia. Lakini jamani, hayo ndiyo maadili ya udongo huu. Hauingiliwi hovyo.

Tena una siri. Kipozamataza wa Williams, ndege mdogo ambaye hapatikani popote duniani ila Kenya, ameichagua nyika hii ya mawe kuwa makao yake makuu. Watazamaji wa ndege hukodi gari kutoka Nairobi, wakavuka ardhi nyingi yenye rutuba bila kuitupia jicho, waje kukodolea macho kipande cha zaha. Sijasikia aliyefunga safari kama hiyo kwa ajili ya shamba la viazi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba sifa kuu kuliko zote ni hii: udongo usiolimika haunyakuliwi. Katika nchi ambayo hata uwanja wa shule huamka una hati ya mtu, kaunti ya Marsabit, yenye kilomita za mraba zaidi ya 70,000, ilionekana kulindwa na mawe kuliko na mawakili. Kisha wakaja waliogundua kwamba juu ya mawe kuna upepo. Upande wa pili wa kaunti, kuelekea Ziwa Turkana, kwenye nyika nyingine ya zaha, imesimamishwa mitambo 365 ya kufua umeme, megawati 310 kwa jumla, na ili kuifikisha huko ilibidi itengenezwe barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis. Ardhi iliyokuwa malisho, ekari 150,000, ikapata hati. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru ikaamua kwamba hati hizo hazikutolewa kwa kufuata sheria.

Basi udongo huu umezuia jembe, trekta, sururu na choo, lakini karatasi umeshindwa kuizuia. Kosa si lake, karatasi haichimbi.

Kwa hiyo ukisikia ofisini pendekezo la kuifanya nyika hii iwe na faida, liwe la mabwawa, mashamba ya mfano au mitambo, uliza kwanza wenye mbuzi na ngamia waliitwa mkutanoni lini na walisema nini. Halafu mpe mwenye pendekezo mtaimbo, achimbe mwenyewe shimo la nguzo ya kwanza.