YAH: Baruapepe zetu zilizozidi siku 180

Kwa Waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi na Seneti,
Bunge la Marekani, Washington.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wateja wa Gmail na jamaa zake huku Dar es Salaam. Kura kwenu hatuna, ila barua zetu zote ziko kwa kampuni za kwenu. Kwanza tunawapongeza kwa sheria yenu ya faragha ya mawasiliano ya kielektroniki, aliyoitia saini Rais Reagan Oktoba 1986. Barua iliyokaa kwenye seva siku 180 au pungufu haiguswi bila hati ya upekuzi kutoka mahakamani. Ikizidi hapo, afisa anaweza kuidai kwa samansi tu. Mlihesabu kwamba mwenyewe kaitelekeza, kama suruali iliyosahauliwa kwa fundi aliyebandika ukutani kuwa mzigo usiochukuliwa ndani ya miezi 3 utauzwa.

Enzi hizo hoja ilikuwa na akili. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ghali, mtu alizivuta barua zake hadi kwenye kompyuta yake na mambo yakaisha. Halafu tarehe 1 Aprili 2004 Google wakatangaza sanduku la gigabaiti 1, bure, na wengi wakadhani ni utani wa Siku ya Wajinga. Tangu hapo hatufuti kitu. Nakala za vyeti, mkataba wa pango, majibu ya hospitali, vyote vimezipita siku 180 zamani. Kwa kitabu chenu, vyote hivyo tumevitupa. Kinacholindwa ni tangazo la punguzo la viatu lililoingia jana.

Tunajua mahakama ilijaribu kuwasaidia. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa iliyoko Cincinnati iliamua kwamba hata barua kuukuu zinahitaji hati, kwa mujibu wa Marekebisho ya Nne ya Katiba yenu. Shujaa wa kesi hiyo alikuwa muuza vidonge vya nguvu za kiume, ambaye serikali ilikuwa imechukua baruapepe zake zipatazo 27,000. Huku kwetu matangazo ya dawa hizo yamejaa kwenye nguzo za umeme, na hatukuwahi kufikiri kuwa wenye nazo wangetufaa mahakamani. Hata hivyo, majaji waliuacha ushahidi huo usimame, kwa kuwa maafisa walikuwa wameiamini sheria yenu. Yaani ubovu wa sheria ndio uliowaokoa walioitumia.

Kampuni kubwa sasa zinadai hati. Kitabuni, siku 180 zipo palepale. Aprili 2016 Baraza lilipitisha muswada wa kuzifuta kwa kura 419 kwa 0. Hata sisi tuliozoea ushindi wa kishindo tulishangaa. Seneti wakaukalia.

Sasa tuje kwetu. Kifungu cha 702 cha sheria yenu ya ujasusi wa kigeni, mlichotunga mwaka 2008, kinaruhusu mashirika yenu ya ujasusi kumlenga mtu asiye Mmarekani, aliye nje ya Marekani, ili kupata habari za kijasusi. Mahakama yenu ya siri huidhinisha utaratibu wa mwaka mzima. Haiulizwi jina moja moja. Aprili 2024 mlibishana kama afisa atafute hati kabla ya kupekua barua za Wamarekani zilizonaswa kwa kifungu hicho. Kura zikafungana, 212 kwa 212, hoja ikafa. Kuhusu barua zetu hakusimama mtu hata wa kushindwa.

Hatulalamiki. Tunalo ombi moja la kiutendaji. Wachambuzi wenu wakikutana na maneno kama “kikao cha mwisho ni Jumamosi”, “mweka hazina athibitishe fedha” na “mzigo utaingia ukumbini usiku”, tafadhali wasirushe chochote. Ni kamati ya harusi, na mzigo ni soda.

Ila kwa desturi ya huku, aliyesoma tangazo la kamati hawezi kudai hakupata taarifa. Kwa hiyo tunaomba ahadi zenu kabla ya kikao kijacho. Mweka hazina anapokea hata kwa simu. Mkitaka kadi ya watu wawili, semeni mapema.

Wenu katika kusomwa,
Wateja, Dar es Salaam.