Tumempata Mwajiri Hodari: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Hospitali

Kwa: Mwenyekiti wa Bodi, Hospitali ya Rufaa Isiyotafuta Faida
Kupitia: Mkurugenzi, Afisa Utumishi, na ubao wa matangazo ulio mkabala na mapokezi

YAH: KUPENDEKEZA JINA LA MWAJIRI HODARI WA MWAKA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Tunarejea tangazo lenu linalozitaka idara zote kuleta majina ya wafanyakazi hodari kwa ajili ya Mei Mosi. Sisi wa zamu ya usiku tulifanya kikao tukiwa wima, kati ya kubadilisha dripu moja na nyingine, na jina halikupatikana. Hodari tunao. Shida ni kwamba kila tuliyewahi kumpeleka alipewa cheti, akapigiwa makofi, na kabla mwezi haujaisha akahamishiwa wodi yenye upungufu mkubwa zaidi kwa maelezo kwamba "yule anaweza". Tumejiridhisha kuwa tuzo hii ina madhara kwa afya ya anayeipokea. Kwa hiyo, kwa kauli moja, tumeamua mwaka huu iende kwa watu ambao hakuna wa kuwahamisha. Tunaipendekeza Bodi yenyewe, pamoja na Menejimenti yake, kuwa Mwajiri Hodari. Tumetumia vigezo vile vile mlivyotuwekea sisi.

Kigezo cha kwanza ni kujituma kupita wajibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina mambo ya kubana. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Inasema anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi aongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa ya usiku. Inasema hata kwamba aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apumzike dakika 60. Mwajiri wa kawaida angeishia hapo hapo. Ninyi mmevuka. Saa za ziada mnatupatia kwa wingi, tena bila kutuchosha na malipo yake. Kuhusu zile dakika 60, mmetuachia uhuru wa kuzitafuta wenyewe, nasi tunaendelea kuzitafuta. Mei Mosi yenyewe ni sikukuu, na sheria inataka atakayefanya kazi siku hiyo alipwe mara mbili. Mliliona hilo mapema, mkaibadilisha jina zamu ya siku hiyo. Siku hizi inaitwa "kujitolea".

Kigezo cha pili ni ukarimu. Hafla ya mwaka jana ilifana. Palikuwa na pilau, muziki, keki yenye nembo ya hospitali, na fulana zilizoandikwa mgongoni "Wewe Ndiye Thamani Yetu". Zote zilikuja saizi moja, ile kubwa kabisa, na mama mmoja wa chumba cha kufulia anaivaa ya kwake kama gauni la kulalia. Mwisho wa mwezi ndipo tulipoona kwenye hati za mshahara mstari mpya wa makato ulioandikwa "ustawi", tukatambua kwamba mwenyeji wa hafla alikuwa sisi. Sheria ile ile inataka mfanyakazi aridhie kwa maandishi kabla mshahara wake haujakatwa kitu kisichotajwa na sheria. Tunaelewa kwamba kutuomba ridhaa kungeharibu utamu wa kushtukizwa.

Kigezo cha tatu ni uangalifu wa fedha. Hapa hamna mpinzani. Michango yetu ya NSSF na marejesho ya mikopo ya SACCOS hutoka kwenye mishahara kwa wakati, bila kukosea hata senti. Ikishatoka kwetu, hupumzika kwenu. Mwenzetu mmoja alikwenda kuomba mkopo wa ada ya mtoto, akaonyeshwa kwenye kompyuta kwamba ni mdaiwa sugu. Alitoa hati zake za mshahara zinazoonyesha makato ya kila mwezi. Karani akazisoma zote kwa makini, akazikunja, akamrudishia, akamwambia: "Hapa umekatwa, dada. Huku hujalipa." Tumejaribu kutafuta mwajiri mwingine anayeweza kumfanya mtu alipe na wakati huo huo awe hajalipa. Wapo wengi kuliko tulivyodhani, lakini hakuna anayelifanya jambo hilo chini ya picha ya Msamaria Mwema.

Kigezo cha nne ni umoja. Kila mnaposhika kipaza sauti mnatuambia kwamba sisi ni familia moja. Ni kweli, maana hata familia huwa na watoto wa kwanza na wa pili. Hospitali za mashirika ya dini kama hii hufanya kazi kwa makubaliano na serikali, na serikali huleta watumishi wake na kuwalipa. Kwa hiyo, wodi moja, zamu moja, troli moja la dawa linaweza kusukumwa na wauguzi wawili wenye stashahada ileile, mmoja "wa serikali", mwingine "wa hospitali". Wa kwanza ana ngazi ya mshahara inayojulikana na madaraja ya kupanda. Wa pili ana barua ya mkataba na neno "wito". Akiuliza habari za malimbikizo yake, hukumbushwa kwamba taasisi hii haitafuti faida. Hilo halina ubishi. Hata sisi hatujaiona. Ila mwenye nyumba wake anaitafuta, na mwenye duka pia, na wote wawili hawajawahi kupokea wito kama malipo ya kodi au ya unga.

Tusije tukaonekana hatujui maana ya kuishi pamoja. Juzi mhudumu wa wodi ya wanaume alipigiwa simu usiku kwamba mama yake amefariki kijijini. Daftari la kufa na kuzikana, lile lenye jalada gumu lililokunjamana kwa maji ya dawa, lilitoka wodini likaenda maabara, likapita kwa watunza kumbukumbu, likashuka jikoni, likafika getini kwa walinzi. Mlinzi mmoja aliandika jina na kiasi huku ameshika tochi kwapani. Kabla ya ripoti ya asubuhi, nauli na sanda vilikuwa vimepatikana, na zamu zake zilikuwa zimegawanywa kwa wenzake wawili ambao hakuna aliyewaomba. Kamati haikuundwa, wala mpiga picha hakuitwa. Daftari lile lina kitu ambacho tangazo lenu halina: linajua nani yuko wapi, amefanya nini, na amepungukiwa nini.

Tumesikia pia kwamba mmeagiza mishumaa kwa ajili ya Siku ya Wauguzi, 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Tunashukuru sana. Iliyobaki mwaka jana ilitufaa usiku umeme ulipokatika, jenereta ikawa inasubiri saini ya kuidhinisha mafuta, na muuguzi wodi ya watoto akawa anatafuta mshipa wa mtoto huku ameng'ata simu yenye tochi. Hata hivyo, tunaomba kamati ya maandalizi iongeze jambo moja katika hotuba. Mwanamke huyo aliyetembea na taa alikuwa pia mtu wa hesabu. Baada ya Vita vya Crimea alihesabu vifo vya askari, na mwaka 1858 akachapisha mchoro ulioonyesha kwamba wengi hawakuuawa na majeraha ya vita, bali na maradhi yaliyoweza kuzuilika. Wakubwa wa jeshi wangefurahi zaidi kama angebaki na taa peke yake. Angefika hapa leo, tunahisi angeomba ratiba ya wodi na orodha ya malipo kabla hajagusa keki.

Kuhusu zawadi, kila kitu kimeandaliwa. Mtapewa cheti chenye fremu, fulana ya saizi mnayoijua, na hundi ya mfano. Hundi yenyewe ni ile ile kubwa ya ubao mliyompa mfanyakazi hodari wa mwaka juzi, ambaye amekubali kwa moyo mkunjufu kuirudisha. Kona moja imelowana kidogo kwa sababu ilikuwa imeziba dirisha la stoo lililovunjika kioo, lakini kiasi bado kinasomeka. Hundi halisi iko kwenye mchakato. Tunawasihi msiwe na haraka, kwa kuwa kufuatilia fuatilia malipo huvunja moyo wa utumishi.

Endapo mtaona heshima hii imewazidi, tutapokea barua yenu ya kuikataa iwapo itaambatana na vielelezo vifuatavyo: orodha ya saa za usiku na za ziada zilizofanyika, na mbele yake kiasi kilicholipwa, stakabadhi za NSSF na SACCOS zinazolingana na makato yetu, fomu za ridhaa ya mchango wa hafla, zikiwa na saini zetu halisi, na barua za wenzetu "wa hospitali" zinazoonyesha lini watapanda daraja. Vielelezo hivyo vikitufikia, tutaifuta tuzo siku hiyo hiyo, tutaimba kwaya bila kulazimishwa, na keki tutainunua wenyewe, safari hii kwa kujua.

Tunawatakia utekelezaji mwema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wafanyakazi wa Zamu ya Usiku

Nakala:
Tawi la Chama cha Wafanyakazi: kwa taarifa
Kamati ya Sherehe: kwa taarifa
Mwenye nyumba, mwenye duka: kwa uvumilivu
Mhasibu Mkuu: kwa utekelezaji